Ile Clavier na Souris Ulizomtumia Muyisa

Boikene, Beni
Tarehe 26 Januari 2003

Mpendwa yaya Phinées, mkubwa wetu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na bibi yako Eliane na batoto. Je, baridi ya huko Liège inawaachia nafasi ya kupumua? Na ule mgongo uliosema unakuuma, umepata dawa? Sisi huku tunaamka, na siku hizi mutu akiamka anamwambia Mungu wasingya, asante, hatuombi zaidi.

Mama ana nguvu kidogo, magoti tu ndiyo yanamsumbua wakati wa mvua. Mihogo ya Kalunguta hatukuvuna, siku hizi njia haipitiki. Mji umejaa batu waliokimbia kutoka upande wa Mambasa. Wamelala ndani ya kanisa, ndani ya madarasa, hata kwenye baraza letu tuko na mama mmoja na batoto wake. Wanasimulia mambo ambayo sitaki kuyaweka kwenye karatasi. Kila mutu anangoja kusikia kama vita vinafika hapa, na askari wenyewe wanaogopa. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote.

Barua hii anaibeba Mama Jokébed, anayepanda ndege Mavivi kwenda Kampala. Ameishonea ndani ya pindo la kikwembe chake. Ukimaliza kuisoma, uichome.

Yaya, ni habari za mdogo wetu Muyisa.

Unajua tangu wapige risasi lori lao karibu na Kirumba, mkono wake wa kushoto ulibaki na kidole gumba na kile cha mwisho tu. Alikuwa hatoki nje. Ile PlayStation uliyomtumia ilimwongezea uchungu, sababu manette yake, ile ya kushika na kubonyeza wakati wa kucheza, inataka mikono miwili mizima. Ndipo ukatuma clavier ya kubonyeza herufi na souris ya kusukuma mezani, pamoja na ile disque moja ya mchezo inayokubali kuchezwa navyo. Tulidhani umekosea, maana clavier tunajua ni ya ordinateur, kompyuta. Mais lakini Muyisa alizichomeka mbele ya mashini ile ya PlayStation, Ézéchiel jirani akatupa waya kutoka kwenye groupe, jenereta ya salon yake. Mkono mbovu ukabonyeza herufi kwa vile vidole viwili, mkono mzima ukasukuma souris juu ya meza, na yule mupiganaji wa kwenye televizyo akatembea, akageuza kichwa, akapiga. Yaya, Muyisa alicheka! Mama alitoka jikoni na mwiko wa fufu mkononi, akasimama mlangoni kumtazama mtoto wake akicheka. Kwa hiyo, yote nitakayoandika hapa chini, usijilaumu hata kidogo.

Kabla ya Noeli, siku moja mchana, askari walikuwa wanapita kwenye avenue yetu. Wakasikia milio ya risasi ndani ya nyumba. Ilikuwa televizyo tu, mais siku zile nani angejua? Walivunja mlango. Muyisa alikuwa ndiyo kwanza anaanza mchezo upya, na jina lake lilikuwa linaonekana kwenye kioo herufi kwa herufi, vile alivyokuwa analiandika.

“Unaandikia nani?” mmoja akamuuliza.

“Hapana mutu, chef. Ni jina yangu. Mchezo inauliza jina.”

“Ordinateur iko wapi?”

“Hakuna ordinateur.”

“Clavier bila ordinateur!” Akawageukia wenzake. “Hii ni phonie, redio ya kutuma habari. Iko natuma majina ya batu kwa adui.”

Kisha wakauona mkono wake. Walimuuliza alipigana wapi, ni nani aliyempiga risasi, na kila alipojibu kwamba alikuwa kwenye lori la mboga, walimpiga. Waling'oa clavier na souris, wakamchukua bila viatu. Mashini yenyewe hawakuiona, ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha Mama kwa ajili ya vumbi.

Usiniulize tulilala vipi. Kesho yake nilisema nitapeleka mashini na televizyo kambini, waone kwa macho yao. Mama akanishika nguo. “Orpa, hapana enda. Batakushika na wewe, nibaki na nani?” Nilijua batu walioingia pale na hawakuonekana tena. Pasteur Mathe wa kanisa letu ndiye aliyesema tutaenda wote wawili, akajitwika televizyo mwenyewe kichwani, mutu wa umri ule.

Komanda alikuwa mutu wa sauti ndogo. Alitusikiliza, akaagiza Muyisa aletwe. Yaya, uso ulikuwa umevimba, na walikuwa wamemchapa kiganja cha mkono ule mzima. Alinitazama kama mutu anayeomba msamaha.

“Cheza,” komanda akasema. “Kama ni mchezo, cheza. Kama si mchezo, tutajua.”

Wakawasha groupe yao. Nikachomeka waya zote, pamoja na za clavier na souris walizotunyang'anya. Picha ikaja. Muyisa akabonyeza clavier, hakuna kitu. Akasukuma souris, hakuna kitu. Nilisikia askari mmoja nyuma yangu anahema. Muyisa akaniambia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwamba lazima kwanza tuchague kwa manette, ndipo mashini ikubali clavier.

“Hapana ongea Kinande hapa!” komanda akapiga meza.

Nilikuwa nimeibeba manette kwa bahati tu, ilikuwa imefungana na waya. Mimi ambaye sijawahi kuishika maishani, niliishika. Muyisa akawa ananielekeza kwa Kiswahili, chini, upande wa kuume, bonyeza, hapana, rudi, yaya Orpa, rudi. Nikakosea. Nikakosea tena. Jasho liliingia machoni. Halafu akasema, “Ndiyo hiyo,” akaweka kile kiganja kilichovimba juu ya souris, akaisukuma. Yule mupiganaji akageuza kichwa.

Pasteur akasema “Amina” kwa sauti, mbele ya wote.

Komanda akavuta kiti. Alitaka kujaribu mwenyewe. Aliishika souris kwa ncha za vidole kama kitu kinachouma, na hakufika mbali, maadui wa mchezo wakamuua pale kwenye kioo. Askari wake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikasema moyoni basi, tumekwisha.

Muyisa ndiye aliyesema polepole, “Chef, kila mutu anakufa mara ya kwanza.”

“Na wewe umekufa mara ngapi?”

“Mingi, chef.”

Komanda akacheka yeye pia. Alituachia Muyisa. Mashini ikabaki kwake, televizyo ikabaki, na clavier, na souris. Hatukuuliza.

Tulidhani imeisha. Mais walianza kumfuata nyumbani. Wanamchukua asubuhi akawaonyeshe kucheza, wanamrudisha jioni. Kila gari likisimama kwenye avenue, Mama anakwenda kujifungia chooni. Baada ya Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, Muyisa akarudi ameparara midomo: komanda amemwambia wanaondoka kwenda mbele, na yeye ataenda nao, sababu mutu anayejua vitufe namna ile atajua na phonie. Yaani wampeleke vitani, na mkono ule.

Donc basi, tulimtoa. Nani alimpitisha na amefika wapi, hilo sitaandika. Yuko mzima. Anakula, kiganja kimepona.

Askari walipokuja kumchukua, Mama aliwatokea mlangoni kabla sijafungua mdomo, akawaambia amekufa. Kwamba tulimpeleka shambani Kalunguta na homa, akafia huko, tukamzika huko. Hatukuwa tumepanga hivyo. Aliangua kilio palepale, na majirani wakaja mbio, na ikabidi kiwe kilio cha kweli. Tulikaa matanga. Ézéchiel alilia kama mtoto, na mimi sikuweza kumwambia. Pasteur peke yake anajua, alikataa kuomba maombi ya marehemu, akaomba tu kwa ajili ya “mtoto wa nyumba hii ambaye hayuko kati yetu.”

Kwa hiyo batu wa Beni na Butembo walioko huko watakuja kukupa pole. Uipokee. Usimwambie hata mmoja, na usipige simu hapa kumuulizia.

Uwasalimie Eliane, Salomon na mdogo wake Rébecca. Shangazi Kavira anakusalimu, naye anavaa nyeusi. Yule aliyewalinda vijana watatu katika tanuru ya moto awalinde na ninyi, na amrudishe kila mmoja wetu mlangoni kwake.

Na umwombee Mama. Wageni wa matanga wameondoka, mais yeye bado analia. Jana nikamwambia, Mama, nyamaza, tuko peke yetu, unajua yuko hai. Akanijibu, “Orpa, mimi nimemzika kwa mdomo yangu. Na kama Mungu alisikia?”

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda mbali kama karibu,

Orpa