Siku za Kumtafuta Chui

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima zote na kwa majonzi yasiyo na kifani, nakutangazia kuondokewa na kofia yangu ya kijivu, iliyotwaliwa na nyani jike mbele ya mashahidi wawili, asubuhi ya siku yetu ya kwanza mbugani. Marehemu ilinitumikia kwa uaminifu, na sina budi kusema kwamba yule nyani ilimkaa vizuri kuliko mimi. Baada ya tangazo hilo, shikamoo. Natumaini u mzima, mgongo umepoa, na cherehani yako haijarudia ile tabia ya kukata uzi. Kama wataka kujua hali yangu, mwili hauna neno. Mengine utayasoma huko chini, na tafadhali usiruke mistari, maana nakujua.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza.

Nilifika salama. Injini alinipokea uwanja wa ndege akiwa na sare ya kampuni yao ya utalii, kaki juu mpaka chini, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Miaka yote hii ugenini haijamfunza kunyamaza. Lile jina tulilompa shuleni bado linamstahili. Kabla hatujafika kwake nilikuwa nimeshajua bei ya vitunguu, ugomvi wa madereva na jinsi tembo anavyokasirika. Anaishi ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Chumba kina kitanda kimoja, jiko la gesi la kupikia chungu kimoja kwa zamu, na kalenda ya mwaka juzi ambayo anasema haitoi kwa sababu picha yake nzuri. Alinipa kitanda, yeye akalala chini, nilipokataa akaniambia nisimletee ustaarabu wa kununua.

Nilikagua kama ulivyoniagiza. Hakuna ndara za kike mlangoni, hakuna chanuo, hakuna nywele kwenye sabuni. Nikafurahi kwa niaba yako. Jioni ileile nikamuuliza lile uliloniambia nimuulize uso kwa uso, nisikubali jibu la mkato: je, yale aliyokuahidi alipoondoka bado yapo, au arudishe moyo wako uendelee na safari nyingine? Alikuwa anamenya viazi. Akamenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi, kisha akasema hapa kuna kelele, tutaongea vizuri mbugani. Chini kwa kweli walikuwa wanagonga rimu. Nikakubali. Jambo zito kama lile halifai kushindana na nyundo.

Jumatatu tukaondoka. Alikuwa amechukua likizo na kuazima gari la kampuni, lile kuukuu linalofunguka paa, na kambini tulikuwa na mahema mawili na mpishi, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kuamsha mbuga nzima, anayemwita kila mtu mwanangu, hata Injini mwenye ndevu za mvi. Nyani alipoondoka na kofia yangu mama huyo aliniambia nisihuzunike, mwanangu, bora kofia, mwaka jana alichukua meno ya bandia ya mzee wa watu.

Sasa nikueleze jinsi wanavyofanya kazi, maana ndiko tunakokwenda. Kila gari lina simu ya upepo, na madereva huambiana nani kaona nini na wapi. Siku ileile ya kwanza nilisikia sauti ikisema chui yuko juu ya mti, karibu na daraja bovu. Injini akapunguza sauti, akakata kona kuelekea upande mwingine kabisa. Nikamuuliza vipi, mbona tunamkimbia? Akacheka, akanifundisha kwamba mgeni haonyeshwi chui mapema. Akishamwona siku ya kwanza, siku zinazobaki atalalamikia vumbi na magodoro. Kwa hiyo dereva mjuzi humzungusha, akisimamisha gari, akichungulia nyayo, akinusa upepo, na siku ya mwisho anamkuta chui palepale alipojua yupo. Mgeni anaondoka akilia kwa furaha. Nilimvulia kofia ambayo sikuwa nayo. Hata mimi, mtu akiniletea saa iliyokufa betri tu, huwa naitikisa sikioni, naguna, na kumwambia aje Ijumaa.

Basi tukazunguka. Twiga niliwaona mpaka nikawa nawasalimu. Viboko nao ni kama wajumbe wa kikao, wamelala majini, mmojammoja anafungua kinywa, halafu hakuna lililoamuliwa. Kila nilipoleta swali lako, Injini alinyoosha kidole akaniambia tazama kule, pundamilia. Jumatano nilimwambia dada yangu hakunituma kuhesabu pundamilia. Akasema tukimpata chui, tutakaa chini yake tuzungumze kiume. Ijumaa nikataka turudi mjini, viatu vimejaa vumbi na jibu sina. Akanishika bega, akasema nimpe mpaka Jumapili, mtu hawezi kurudi kwao akasema hakumwona chui. Nikadhani anatafuta ujasiri wa kusema ndiyo. Nikaanza hata kumwita shemeji, kwa mzaha. Alinyamaza. Injini, dada, alinyamaza, na mimi nisishtuke.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Mpishi akaja na sufuria, akamuuliza Injini waziwazi kabisa, mbele yangu, haya mwanangu, ile harusi ya watu imekwisha salama, au bado nipike chakula cha kumchelewesha huyu? Halafu akaona uso wangu, akaondoka na sufuria na chai yetu.

Injini alisema yote akiangalia kikombe. Alisema yale mliyoahidiana mlikwisha kuyavunja zamani, kwa amani, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake. Alisema ulimpigia mwezi uliopita ukamwomba anialike, anipeleke mbali kusiko na mtandao, na asinirudishe kabla Jumamosi haijapita. Alisema umeolewa jana na mwenye bucha. Yule yule, dada, anayemtazama mtu kama anakadiria atatoa kilo ngapi.

Nikamuuliza mimi nimekosa nini. Akasema ulimwambia kwamba mdogo wako hana roho mbaya, ila kila mwanamume anayekuja pale kwa nia njema hutoka akijiona kituko, na wewe huna tena umri wa kungojea atakayestahimili. Kwani yule msoma mita nilimfanya nini? Nilisema tu anaitazama nyumba yetu kama anatafuta panapovuja. Ulicheka mwenyewe. Na mwalimu wa hesabu, alipoongeza chakula mara ya tatu, nilimwomba tu atuonyeshe njia aliyotumia kupata jibu. Kama mtu hawezi kuvuka mzaha mmoja, atavuka nini? Nikamwambia Injini kwamba ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza. Akasema uliniambia. Nikauliza lini. Akasema kila mara.

Baada ya hapo akawasha gari, akaenda moja kwa moja, hakuchungulia nyayo wala kunusa upepo, na chui alikuwa pale karibu na daraja bovu, amelala juu ya tawi, miguu inaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Akazima injini. Akaniambia tazama. Mimi nilitazama kisogo cha Injini.

Nataka nikuulize, na usinijibu haraka. Ulinishonea suruali mbili mpya. Ulinifungia maandazi. Stendi, napanda basi la uwanja wa ndege, ulilia mpaka kondakta akakuuliza kama naenda vitani, na mimi nikadhani unamlilia Injini. Siku hiyo gauni lilikuwa limeshashonwa? Lilikuwa limefichwa wapi, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo kila msumari naujua? Na Jumamosi, mahali pa ndugu yako wa tumbo moja alisimama nani? Injini anasema alisimama baba mdogo, ambaye mpaka leo anakuita kwa jina la shangazi. Tangu mama afariki tumekula sahani moja. Nilidhani nakuchekesha. Jioni zote zile nilidhani nafanya kazi hiyo moja, ya kukuchekesha, na kwamba naifanya vizuri.

Basi nimeamua, na uamuzi huu nimeufikiria kwa utulivu. Sirudi. Nchi hii saa zinakufa kama kwingineko, na chini hapa kwenye matairi wako tayari kunipa kona ya kuweka meza. Injini anasema nikae nipendavyo, ingawa kitanda sasa amekichukua. Kile chumba changu mpeni mwenye bucha atundikie nyama. Vifaa vyangu vya saa usiviguse, utapoteza zile skrubu ndogo, nitatuma mtu. Usinililie, maana machozi yako sasa siyaamini, na usinitumie salamu kwa mdomo wa mwingine kama ulivyonituma mimi. Ukikaa jioni na huyo mumeo, kama kuna atakayekuchekesha, heri. Kama hakuna, ndivyo ulivyotaka.

Nisalimie majirani wote waliokula wali wako na kunyamaza. Baba mdogo mkumbushe jina lako. Mumeo mwambie shemeji yake anamsalimu; sitaongeza neno, uone kwamba naweza.

Wako wa tumbo moja, nikiwa ugenini moja kwa moja,

Mdogo wako, fundi saa

Nimesahau: kibali changu cha kukaa huku kinaisha Jumatano, na posta inachukua wiki tatu. Barua hii nitakuja nayo mwenyewe Alhamisi.