Picha Iliyokatwa Ukingo

Ujiji,
14 Februari 2018

Kwa wifi yangu Semeni,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kalinzi kwa shangazi, na kwamba baridi ya milimani haijakurudishia kile kifua chako. Mama yenu hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Abdul ametimiza miezi kumi na moja. Bahasha utaikuta haijafungwa. Unanijua, hata kadi ya harusi naigundisha mara mbili nikihofia macho ya watu, kwa hiyo najua utashangaa. Sababu nitaieleza.

Mimba zangu mbili za kwanza zilipoharibika, nilimshuku jirani, nikamshuku muuza maziwa, na siku moja, nisamehe, nikamshuku hata mama. Ya tatu ilipofika miezi mitano niliapa haitapimwa hapa mjini, ambako nesi mmoja akijua, mtaa wetu mzima wa Buzebazeba umejua. Wakati huo nilikuwa napeleka dagaa kwenye soko la kambi ya wakimbizi kila wiki. Mteja wangu mmoja, Leonia, Mrundi, alikuwa na mimba iliyolingana na yangu. Aliniambia amekuja daktari mgeni mwenye mashine ya utrasaundi, ila anapima wakimbizi tu. Nikaazima kadi yake. Mkalimani akanisemesha Kirundi, nikamjibu kwa Kiha cha bibi yangu, lugha zinazokaribiana, na hakuna aliyeshtuka.

Daktari alinipima muda mrefu mno. Mwishowe akasema kile kiungo kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo wa mtoto hakionekani, na vyumba vya maji kichwani vimepanuka. Alisema ni jambo la nadra. Nikauliza mtoto atakuwaje. Akasema wengine wa hivyo wanakua na kusoma, huwezi hata kuwatambua. Wengine wanapata kifafa, wanachelewa kukaa na kusema. Na picha peke yake haiwezi kusema wangu atakuwa wa aina gani. Alitaka nirudi baada ya wiki tatu, na nijifungulie hospitali kubwa.

Wifi, sikumwamini. Nilijiambia daktari asiyejua mtoto atakuwaje hajui lolote. Nikashuku mashine ni mbovu, nikashuku wanatutisha tusizae. Wiki tatu zilipotimia nikamtuma Leonia mwenyewe na kadi yake, niijaribu hiyo mashine. Picha yake ikatoka safi. Daktari akafurahi, akaomba radhi kwamba labda mara ya kwanza mtoto alilala vibaya. Ile picha safi nikamwomba Leonia, nikakata kwa mkasi ukingo wenye jina lake, nikaileta nyumbani. Mama akapiga vigelegele. Nilijua mtoto yule si wangu, lakini kwa kuitazama kila siku ukutani nikaanza kuiamini.

Ndiyo picha niliyokuonyesha uchungu uliponishika pale zahanatini ulikokuwa unazalisha. Uliuliza kwa nini imekatwa juu. Nikasema panya. Niliona hujaridhika, ila uliniamini kwa sababu mimi ni mke wa kaka yako. Ningesema kweli, ungeita gari nipelekwe hospitali mapema. Uchungu ulikuwa mrefu, Abdul akachelewa kulia, na degedege lilipoanza akiwa na miezi mitatu, kaka yako Saad akashuku kwamba wewe ulizembea.

Sasa nitasema lililo zito. Saad alikuwa anashuku tu. Mimi ndiye niliyemhakikishia. Nilimwambia ulikuwa kwenye simu huku nakuita. Si kweli. Hukuniacha hata dakika moja, na mkono wako nadhani bado una alama za kucha zangu. Kwa neno hilo aliandika malalamiko, ukasimamishwa kazi, na jina lako halitajwi tena ndani ya nyumba hii. Niliogopa angesema tumbo langu lina kasoro, aniache. Nikaona afadhali ilaumiwe mikono yako. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Juma lililopita Leonia alikuja sokoni kuniaga. Anarudi Burundi na mwanawe, ambaye tayari anasimama akishika meza. Alinipa karatasi za picha ya kwanza, ile yangu, nilizomwachia pamoja na kadi yake, akasema hawezi kuvuka mpaka na habari za mtoto wa mwenzake zenye jina lake. Nilishuku anataka kitu. Hakutaka kitu. Alimbusu Abdul kichwani, akaenda zake.

Karatasi hizo zimo humu, pamoja na picha safi na ule ukingo. Ukiviunganisha vinakaa sawa. Nimeandika pia maelezo, nikatia sahihi, kwamba nilisema uongo. Vipeleke ofisini kwenu wakurudishe kazini. Abdul bado hajakaa, lakini akisikia adhana anageuza kichwa na kucheka. Msalimie sana shangazi na wote wa hapo. Mimi nisamehe ukiweza.

Bahasha nimeiacha wazi kwa sababu nimempa Saad ailete, nikamwomba aisome njiani. Kumwambia usoni nimeshindwa. Ukiipokea kwa mtu mwingine, ujue hakuweza kuvumilia. Ukiipokea mkononi mwake, basi amesoma yote, na bado amepanda mlima mpaka mlangoni kwako. Mkaribishe ndani, wifi.

Mimi mke wa kaka yako,
Hasna