Kanzu ya Baba Mkwe

Ijumaa, Ikwiriri

Kamera imekufa, eti! Kila Ijumaa shemeji Hamisi ananiambia hivyo pale kwenye intaneti kafe yake. Mume wangu yuko Maskati, ananisikia tu, hanioni.

Leo nimeinama mwenyewe nyuma ya kompyuta. Waya umechomolewa! Nikauchomeka, taa ikawaka, nikaigeuza kamera imtazame shemeji, ndiyo kwanza anatoka msikitini na kanzu yake mpya.

"Hamisi," mume wangu akauliza kwenye spika, wateja wote wakisikia, "si kanzu niliyomtumia baba hiyo?"

Baba mkwe kule Ngarambe anaswali na kanzu iliyotoboka kwapani. Hamisi alimwambia mzigo wa Maskati umepotea njiani.

Shemeji akaninong'oneza nizime.

"Sijui kuzima, shemeji. Wewe ndiye fundi."