Bandeji ya Mguu wa Kushoto

Tiruchirappalli,
Jumapili, 9 Februari

Dada yangu Poonkodi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya Pune kimemwachia mwanao. Sisi hatujambo. Presha ya Baba imetulia tangu aache achari, ingawa Mama anaamini anaila kwa siri. Mimi ni mzima wa mwili, lakini wiki nzima sikai nikatulia. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nakuandikia kwa sababu simu zako huzipokea Mama, na nyumba yetu unaijua, hata mnong'ono una msikilizaji.

Kazini ni yaleyale. Majalada ya wagonjwa wa Marekani yanaingia, tunasoma alichoandika daktari, na kila jeraha tunaliwekea msimbo wake ili bima yao ilipe. Tangu Januari nimepangiwa miguu: vifundo vilivyoteguka, kano zilizovutika, vidole vilivyochomoka mahali pake. Msimamizi wetu, Bwana Arokiaraj, hana simile. Ni mguu wa kushoto au wa kulia? Jeraha ni jipya, au ni athari iliyobaki ya jeraha la zamani? Jalada lisilosema linarudishwa kwa daktari, hatubuni. Juzi binti mmoja aliandika la zamani kama jipya, naye akamwambia mbele ya wote, "Mama, mtu huyu umemwangusha mara ya pili." Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita walikuja wale watu wa Namakkal kuniona kwa ajili ya posa. Mguu wangu wa kulia unaujua, maana wewe ndiye uliyenibeba kutoka ngazi za hekalu nilipoteguka kifundo utotoni, ukanishika mabega mganga wa mifupa akiufunga kwa ute wa yai. Ulipona ukiwa umepinda. Sichechemei sana, lakini mwenye macho anaona. Mama hakuwaambia. Mpango wake ulikuwa nikae mkekani kabla hawajaingia, na Shangazi Sornam abebe kahawa.

Lakini mama yake kijana akasema kwa upole kwamba kahawa ya siku ile angependa kuipokea mkononi mwa binti mwenyewe, kama ilivyo desturi. Mama hakupepesa jicho. Alisema jana yake niliteleza ngazini, mguu umeshtuka, na kwamba nitaileta mara tu bandeji ikifungwa vizuri. Shangazi akanivuta jikoni, akapiga magoti mbele yangu na kuanza kufunga. Alikuwa amenielekea, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu, na kwa haraka zake akaufunga mguu usio na kasoro. Niliona, Dada. Mimi ninayeulizwa kushoto au kulia kutwa nzima, niliangalia. Nilipofungua mdomo akanikata: "Dadako alipata mume bila maneno mengi. Beba sinia."

Nikatoka na bandeji mguu wa kushoto, nikichechemea wa kulia.

Walikula halua ya semolina na bajia, wakasifu. Kijana anaitwa Ilamaran, anaunda mabodi ya malori. Aliniuliza swali moja tu, kama kazi yangu inanichosha macho. Waliondoka wakicheka, na shajara yangu ya siku ile ina neno moja: Walikuja.

Tangu hapo mama yake anapiga simu kila siku kuuliza hali ya mguu. Ametuma mafuta ya ufuta kwa basi, pamoja na trei ya mayai. Mama anampa taarifa kama nesi: uvimbe unashuka, leo amekanyaga kidogo. Uchumba umepangwa mwezi ujao, kwa hiyo inabidi niwe nimepona. Baba aliuliza kwa sauti ya chini tutafanyaje nikichelewa kupona, akaambiwa anywe dawa yake. Mimi nawaza siku ya harusi yenyewe, pale bwana harusi anapoushika mguu wa kulia wa bibi harusi, akauinua juu ya jiwe la kusagia na kumvisha pete za vidoleni, ukumbi mzima ukitazama. Kile kifupa kilichopinda kitakuwa kiganjani mwake.

Hili hapa ndilo sijamwambia mtu wa nyumba hii. Ijumaa, saa ya chakula, nilimpigia Ilamaran kutoka ngazi za ofisini. Nilimwambia kwamba jeraha ni la zamani, halitapona zaidi ya hapa, na bandeji ilikuwa uongo. Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga mabati. Kisha akasema mama yake alijua siku ileile. Kabla gari halijatoka mtaani kwetu alikuwa ameshasema: "Bandeji kushoto, kuchechemea kulia. Binti huyu ama ana miguu mibovu miwili, ama ana wazee waoga." Na kwamba anapiga simu kila siku akingoja nani kwetu atachoka kwanza.

Akaomba kuuliza jambo moja. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini tulificha. Akauliza, "Ukiinuliwa, unauma wapi?" Nikamwambia hauumi, ila ukigeuzwa nje. Akasema, "Basi siku ya jiwe nitaushika kisiginoni."

Simu inalia sebuleni. Mama anasema uvimbe umekwisha kabisa. Subiri.

Nimerudi. Niliichukua simu mkononi mwake, nikasema, "Mama, ni mguu wa kulia, na ni wa siku nyingi." Yule mama akashusha pumzi, kisha akasema, "Haya. Sasa mrudishie mama yako, tupange harusi." Wamezungumza, lakini Mama hajanisemesha. Anakuna nazi, na leo hatupiki cha nazi.

Tafadhali mpigie jioni. Usimtetee mtu, ongea naye tu.

Msalimie shemeji, na umbusu mwanao kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, na anaomba achari ya huko, usimwambie Mama.

Mdogo wako akupendaye,
Thenmozhi