Everett, Hoja Yako Imeungwa Mkono

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, mzee wangu Everett Goodale, utomvu wa miti ya sukari ukiwa bado unachemka. Tuliugema pamoja, nikamalizia kuupika uwe sharubati peke yangu.

Tunakukumbuka ukiondoa theluji barabarani kwa gari lako hapa Tunbury watu wakiwa bado wamelala, ukianzia kwa wajane. Bendera uliianua wingu likitanda tu, kama mtu anayeanua nguo za mtoto. Mguu uliuacha Vietnam, wala hukumnung'unikia mtu. Ila ulitaka jambo moja: vijana wa jeshi la jimbo letu, Vermont, wasipelekwe kwenye vita vya ng'ambo kabla Bunge la taifa halijapiga kura.

Kila Machi ulisimama kwenye mkutano wa mji ukatega kitendawili nilichokutungia: akienda hupigiwa ngoma na mji mzima, akirudi hupokelewa na mama yake tu. "Askari," ulijijibu mwenyewe, kisha ukatoa hoja. Haikupata wa kuiunga mkono, ikafa pale pale. Mimi ulinikataza kuiunga. "Mkono wako watasema nimeupika nyumbani." Jirani yetu Royce Bushey hakukosa neno: "Kaa chini, Everett, utomvu wako unaungua." Wengine walinong'ona kwamba huipendi nchi. Hilo lilikuuma kuliko mguu.

Sasa sikia. Machi hii binti yetu Nadine, ambaye mwanawe Corinne yumo kwenye jeshi hilo na begi lake liko mlangoni, alisimama penye kiti chako akaitoa hoja ile ile. Nikaikalia mikono yangu, nisivunje katazo lako.

Mara fimbo ikagonga sakafu. Royce huyo. "Naunga mkono," akasema. "Mjukuu wangu naye kafunga begi. Na utomvu uungue."

Mikono ikainuka, mzee wangu, mpaka msimamizi akaacha kuhesabu. Tunajua kura ya Tunbury haimwamrishi jenerali. Lakini miji ya jirani imeshaiomba hoja yako, na anayezunguka nayo ni Royce, kwa gari lako la theluji. Na Corinne akiitwa, ukumbi mzima umeapa kumpokea akirudi. Itabidi nitunge kitendawili kingine.

Unakumbukwa na mkeo Lorraine, binti yako Nadine, mjukuu wako Corinne, na Royce, aliyeomba mwenyewe jina lake liwekwe hapa. Daima tutakukumbuka, na kila Machi tutakuunga mkono.