Siku tatu nilizoruka kwa Mama Glory

Pickering, Kanada, Ijumaa jioni. Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri, na upepo unapiga utafikiri una kisasi na mtu. Nimekaa jikoni kwangu, koti bado mwilini. Nina aibu.

Mama Glory, rafiki yangu wa miaka kumi na moja, yuko Moshi kumzika baba yake. Aliniachia funguo na kazi ndogo tu: kila siku niingie kwake, nifungue koki maji yatembee kidogo, niache milango ya kabati la chini ya sinki wazi ili joto liyafikie mabomba. Ukuta ule wa jikoni ndio unaopigwa na upepo. Tangu wahamie wanauogopa.

Siku nne za mwanzo nilienda. Jumatatu gari lilifukiwa na theluji, nikasema kesho. Jumanne nilitoka kazini nimechoka. Jumatano sina hata kisingizio, nilijifunika blanketi nikatazama tamthilia.

Na kila jioni nilimtumia ujumbe wa sauti: "Nyumba ipo salama shoga yangu, wewe mzike baba."

Njia ya mwongo ni fupi.

Jana nilipofungua mlango wake niliyasikia maji kabla sijayaona. Bomba la jikoni liliganda, likapasuka. Maji yameshuka hadi chumba cha chini, zulia limelowa chapachapa, na maboksi ya nguo za Glory za utotoni yamekuwa rojorojo. Milango ya kabati niliikuta imefungwa. Niliifunga mwenyewe Jumapili nilipokuwa nafagia, nikasahau. Nilikimbilia koki kuu nikaifunga, kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Fundi bomba alikuja leo asubuhi. Aliniuliza mara ya mwisho mtu kuingia humo ilikuwa lini, akasema watu wa bima watamuuliza mwenye nyumba swali hilohilo, maana nyumba isipokaguliwa kila siku wakati wa baridi huenda wasilipe. Najua atakavyojibu. Atasema kila siku, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Mume wangu anasema, "Mfiwa haongezewi mzigo. Azike kwanza, halafu mwambie bomba limepasuka, basi. Hizo siku tatu nani anazijua?"

La kuzika kwanza nakubali, kwetu ndivyo ilivyo. Hilo la pili limenikera, kwa sababu nilishaliwaza kabla yake.

Nikisema ukweli, huenda bima wakamkatalia, na urafiki wetu ukaishia hapo. Nikinyamaza, ataapia uongo wangu bila kujua.

Mchana alinitumia ujumbe, sauti imemkauka kwa kulia. Ananishukuru. Amewaambia ndugu zake wasimhofie, Kanada ana dada.

Kesho, wakishamzika mzee, nitampigia. Nitaanza na zile siku tatu. Habari ya maji itafuata.