Salamu za Papa Kutoka Mulimani

Kadutu, Bukavu, Aprili 2025

Yaya Georgette, dada yangu mukubwa,

Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Larissa wangu ameota jino.

Umeniambia Papa yetu anakutumia salamu kila Jumapili, kupitia ile antene ya setilaiti uliyomununulia kule mulimani. Yaya, unisamehe. Papa alikufa mwezi wa pili, vita ilipofika kijijini. Nilishindwa kukuambia. Tulimuzika na koti yake, simu ikiwa mufukoni. Kisha watu wote walikimbia. Juu ya paa iko antene tu.

Usimujibu tena. Nimechukua karatasi, hapana simu, kusudi asisome, na sijaambia mutu hata mumoja.

Sasa hivi simu yangu imelia. Ni namba ya Papa: « Maombi, barua ya Georgette umemaliza? »

Mudogo wako,
Maombi